Geti la mtoto kwenye kichwa cha ngazi, ukuta wa mawe na chokaa: nichague la aina gani?

Mama Sumaiya, Unguja

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulishughulikia jambo hili kwa mikono yake, kwa sababu ushauri wa jumla nimeshaupata mwingi na haujanifaa.

Tumepanga ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe. Binti yangu ana miezi 9, anatambaa kwa kasi, na tangu wiki iliyopita ameanza kusimama dede kwa kujishikilia chochote anachokifikia. Chumba tunachokaa mchana kinafungukia ukumbi mdogo, na ukumbi huo unaishia moja kwa moja kwenye ngazi: vidato 16 vya mawe vyenye kingo za mbao, vyembamba na vilivyosimama sana, bila kituo chochote katikati. Kushoto kwa kichwa cha ngazi kuna ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya chokaa. Kulia kuna nguzo ya mraba ya mbao ngumu, ambayo ndiyo inayoshika mbao za kujishikilia.

Wifi yangu anayeishi Maskati aliniletea geti la chuma la kubana, lile lenye nati nne pembeni ambazo ukizizungusha linajikaza lenyewe baina ya pande mbili bila kutoboa popote. Mwenye nyumba alifurahi sana aliposikia kwamba ukuta wake hautaguswa. Nililifunga siku ya Ijumaa. Jumapili nililitikisa kwa mkono mmoja nikaona unga mweupe umemwagika sakafuni, na kile kikombe cha mpira cha upande wa ukutani kilikuwa kimeshazama ndani ya plasta. Nikakaza nati, kikazama zaidi. Nimepima upana pia: sakafuni ni sentimita 84, lakini kwenye kimo cha sentimita 75 ni 87, kwa kuwa ukuta umelalia nyuma.

Sasa nimebaki njia panda. Je, nitafute geti la kubana lililo bora zaidi, nimwendee fundi wa kuchomelea anitengenezee langu, au nimwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa? Niongeze kwamba mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, huja kukaa nasi kila mwisho wa wiki, na tayari amejikwaa mara moja kwenye kile chuma cha chini cha geti.

Mzaliwa wa Vuga, sasa Leicester

Wa alaykum salaam dada. Kabla ya mengine yote, naomba uliondoe geti hilo pale lilipo leo hii, na mpaka upate jingine mlango wa chumba uwe umefungwa muda wote mtoto akiwa macho. Geti linalolegea ni baya kuliko kutokuwa na geti, kwa sababu watu wazima wa nyumba huliamini na hupunguza macho yao kwa mtoto.

Geti la kubana halifai kwenye kichwa cha ngazi hata kama ukuta ni wa zege. Sababu ni mbili, na umeshazikuta zote mbili bila kuambiwa na mtu. Ya kwanza ni kwamba linashikiliwa na msuguano peke yake, nao msuguano hupungua kila linapofunguliwa, kila mtoto anapolitikisa na kila mtu mzima anapoliegemea. Likichomoka kwenye mlango wa jikoni mtoto ataangukia sakafu, lakini likichomoka pale ulipolifunga ataviangukia vidato 16 pamoja na geti lenyewe. Sababu ya pili ni kile chuma kilichomwangusha mama. Geti la kubana lazima liwe na fremu inayopita chini, la sivyo halina kinachoshikilia pande zake, na fremu hiyo inalazwa mahali ambapo mguu unatafuta kidato cha kwanza. Mfikirie mtu aliyembeba mtoto usiku wakati umeme umekatika. Ukikisoma kwa makini kile kijitabu kilichokuja kwenye boksi, huenda ukakuta maelezo hayo hayo, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika wazi kwamba geti la kubana lisitumiwe juu ya ngazi, ila huandika kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo tafuta geti la kufungwa kwa skrubu, lisilo na kitu chochote sakafuni, linalofungukia upande wa ukumbi na si upande wa ngazi. Mengine yana kizuizi kidogo kwenye bawaba kinacholizuia lisizidi kwenda upande wa ngazi, hakikisha kimewekwa. Kwenye boksi angalia namba EN 1930, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha mageti ya ndani ya nyumba kwa watoto wa hadi miezi 24. Hapa Uingereza utaiona imeandikwa BS EN 1930. Marekani nao wana kanuni yao ya lazima tangu mwaka 2021. Mtu akikuletea geti kutoka Ghuba au Ulaya, mwombe akupigie picha ya maandishi hayo kabla hajalipa.

Jambo la mwisho linapuuzwa sana. Lijaribu komeo lake kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa umebeba mfuko wa mchele wa kilo 10, maana hivyo ndivyo utakavyolitumia. Mimi nilinunua la kwanza lililotaka mikono miwili, na ndani ya wiki moja kila mtu nyumbani alikuwa akiliacha wazi.

Fundi Seremala, Kibokoni, Mombasa

Dada, ndugu yangu wa Leicester amesema kweli yote kuhusu geti, lakini kuta za huko aliko hazifanani na zako. Mimi ninafanya kazi katika nyumba za mawe na chokaa hapa Mji wa Kale, na ninachoweza kukuambia ni kwamba unachotakiwa kuchagua kwanza ni kitakachoshika skrubu. Ukishakipata hicho, geti lolote la skrubu lililo imara litafaa. Ukikikosa, hata la bei ghali litang'oka na bonge la plasta mkononi.

Geti la kubana hupata nguvu zake kutokana na ugumu wa kile linachokisukuma. Saruji hukataa kusukumwa, chokaa hukubali. Ndiyo maana ulipokaza nati zaidi ulikuwa unachimba ukuta. Na skrubu nazo zina shida yake hapo: ukuta wako ni mawe ya kila umbo yaliyojazwa chokaa katikati, hivyo matundu manne yaliyopangwa na kiwanda kwa ajili ya geti yataangukia popote, pengine mawili kwenye jiwe na mawili kwenye chokaa tupu. Usiwahi kulifunga geti moja kwa moja kwenye ukuta wa namna hiyo.

Kinachofanyika ni hiki. Fundi huchukua ubao wa mninga au mvule wenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 12 hivi, akausimamisha ukutani kuanzia sakafuni. Kwa kuwa ukuta wako umelalia nyuma kwa sentimita 3, mgongo wa ubao huo uchongwe kama kabari: unene wa sentimita 4 chini, na sentimita 7 kwenye kimo cha sentimita 75, ili uso wake wa mbele usimame wima kwa timazi. Huo ubao ndio utakaopokea geti. Wenyewe utashikwa ukutani kwa skrubu tano au sita ndefu, na hizo fundi ana uhuru wa kuziweka popote anapolikuta jiwe, madhali zisifuatane kwenye mstari mmoja.

Jiwe hutafutwa kwa subira. Kwanza gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kibuyu, imeshaachana na ukuta, basi sogea. Halafu toboa kwa drili iliyozimwa nyundo, kwa sababu nyundo hutikisa chokaa ya pembeni na kuacha tundu pana kuliko biti. Unga ukitoka mwingi na biti ikizama bila upinzani, uko kwenye chokaa. Biti ikikwaruza na kwenda polepole, uko kwenye jiwe, na hapo ndipo pa kuingiza kile kiplastiki cha kushikia skrubu. Angalau sentimita 6 za skrubu ziwe ndani ya jiwe, usihesabu plasta. Tundu lililokosea lizibwe kwa chokaa na si kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, huzuia unyevu usitoke, na baada ya masika machache huanguka ikiwa imekumbatia kipande cha ukuta.

Nguzo ya kulia usiitoboe, hasa kama ni ya zamani. Chukua mbao mbili, moja mbele ya nguzo na moja nyuma, zenye upana unaozidi nguzo kidogo kila upande, kisha zikazwe kwa bolti ndefu zinazopita nje ya nguzo, juu na chini. Kwenye upande wa nguzo unaotazama nafasi ya geti ongeza ubao wa sentimita 3 uliofungwa kwenye hizo mbili, na ndani weka vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ili visikwaruze wala kuteleza. Siku mkihama, bolti zinafunguliwa na nguzo inabaki kama ilivyokuwa. Bawaba ziwe upande huu, kwa kuwa ndiko uzito wa geti utakakoning'inia, na ukuta upewe komeo.

Hesabu yako basi ni hii: 84 ukitoa 4 na 3 unapata 77 chini, na 87 ukitoa 7 na 3 unapata 77 juu. Mageti mengi ya dukani huchukua nafasi ya kuanzia sentimita 75 hadi 82, kwa hiyo utakuwa umeingia pazuri.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu Mama Sumaiya, mimi nimelea watoto watano katika nyumba kama hiyo, hapo hapo mjini, kabla ya mageti ya madukani. Tulikuwa na ubao mmoja mpana uliochomekwa kwenye mifereji miwili ya mbao, unavutwa juu ukitaka kupita. Kwa mtoto ulikuwa mzuri, kwa sababu ubao mtupu hauna pa kukanyagia. Kwa mtu mzima ulikuwa balaa. Hakuna aliyekuwa na subira ya kuuvuta, kila mtu aliuruka, mpaka siku moja wifi yangu aliuruka akiwa na sinia la vikombe mkononi, kanga ikanasa kwenye pembe ya ubao, akashuka vidato vinne kwa makalio. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila vikombe havikubaki hata kimoja. Kwa hiyo liwe geti la kufunguka, na uwaambie wote wa nyumbani kwamba haliruki mtu, hasa mbele ya mtoto, kwani watoto hujifunza kwa kutazama.

Angalia pia vitu vilivyo karibu. Mjukuu wangu alikisukuma kigoda cha mbuzi ya nazi kutoka jikoni mpaka kwenye geti, akapanda juu yake, na alikuwa hajatimiza mwaka na nusu. Ukumbi wako uwe mtupu. Na yale magari ya kutembelea yenye magurudumu wanamowekwa watoto wasiojua kutembea, mwanangu, yasiingie nyumba yenye ngazi. Mtoto akiwa ndani yake ana mwendo na uzito wa kulipiga geti dafrao, na wewe huwezi kumwahi.

Tena mfundishe kushuka. Kila siku mkalishe kwenye kidato cha chini kabisa, mgeuze tumbo lielekee ngazi, ateremke kinyumenyume kwa miguu kwanza. Ngazi ataziishi miaka yote, na geti ni la miezi michache tu.

Mzaliwa wa Vuga, sasa Leicester

Ninamuunga mkono Bi Mkubwa kuhusu hayo magari ya kutembelea. Kanada iliyapiga marufuku kabisa mwaka 2004, kuyauza na hata kuyaingiza nchini, na kuanguka kwenye ngazi kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Mama Sumaiya, Unguja

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo Bi Mkubwa. Geti nimeliondoa usiku ule ule. Mwenye nyumba nimempelekea maelezo ya Fundi kama yalivyo, na jibu lake lilinishangaza: alikuwa akihofia matundu yatakayozibwa kwa saruji, kwa sababu mpangaji aliyetangulia alimharibia ukuta wa chumba kizima kwa namna hiyo. Ameridhia skrubu sita kwa masharti kwamba tukihama zizibwe kwa chokaa na mwashi atakayemchagua yeye. Nilimuuliza pia kuhusu Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, akasema ataulizia mwenyewe kabla kazi haijaanza, ili asije mtu akatusumbua.

Limebaki swali moja. Geti la skrubu la kiwandani silipati hapa kwa wiki hizi, na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu yuko tayari kunitengenezea kwa skwea paipu. Nimwelekeze nini?

Fundi Seremala, Kibokoni, Mombasa

Anaweza kulitengeneza vizuri kabisa, lakini ujue kwamba amezoea madirisha, na dirisha hutengenezwa kumzuia mwizi. Ukimwachia achague mwenyewe ataacha sentimita 10 au 12 baina ya nondo, na hapo kiwiliwili cha mtoto hupita kichwa kikabaki. Mwambie zisizidi sentimita 6. Ukienda kulichukua nenda na kopo la soda, lile nene la kawaida na si jembamba. Likipita baina ya nondo mbili, kazi irudiwe. Nafasi ya chini kutoka sakafuni isizidi sentimita 4. Nondo zote zisimame wima, kusiwe na chuma cha kulala isipokuwa cha juu kabisa na cha chini kabisa, na yale maua ya kujikunja wanayoyapenda ayaache kwa ajili ya geti la nje, kwa kuwa kila ua ni kidato cha mtoto. Juu pawe laini bila ncha. Kimo kiwe sentimita 75 au 80. Kanuni ya kawaida ni kwamba geti lisipungue robo tatu ya kimo cha mtoto, na akifika sentimita 90 au akianza kulifungua mwenyewe, ni wakati wa kuliondoa.

Bawaba zitazame sana. Mafundi wa mageti hutumia zile za pini, ambazo geti hushushwa juu yake na linaweza kunyanyuliwa likatoka. Kwa geti la uani hilo si tatizo, lakini mtoto anayelitikisa geti kwa miezi mingi atalinyanyua bila kukusudia. Pini ya chini itazame juu na ya juu itazame chini, basi halitoki. Komeo lifungwe upande wa ngazi, mbali na vidole vyake, na liwe la hatua mbili: kunyanyua kisha kuvuta. Kufuli usiweke kamwe. Nyumba zenu zina boriti na mbao nyingi, na moto ukizuka hakuna atakayekumbuka ufunguo uko wapi.

Makovu ya kuchomelea yasagwe kwa grenda na kupigwa msasa mpaka kitambaa cha hariri kipite bila kunasa. Kuhusu rangi, dai ile isiyo na madini ya risasi na uliache geti likauke siku kadhaa nje kabla ya kulifunga, maana mtoto wa umri huo chuma cha juu atakitafuna tu, utake usitake.

Mama Sumaiya, Unguja

Narudi kutoa taarifa. Ubao ulifungwa Jumatano, na seremala alitoboa matundu tisa ili kupata sita yaliyoshika jiwe. Matatu aliyaziba kwa chokaa pale pale. Geti lilipokuwa tayari kwa fundi wa kuchomelea nilikwenda kulichukua na kopo la soda, nalo kopo likapita kwenye nafasi mbili za pembeni kabisa, moja kila upande. Alinung'unika kidogo, kisha akaongeza nondo moja kila upande bila malipo. Mume wangu ana kilo 82, na jana aliliegemea kwa uzito wake wote kwa dakika nzima huku mimi nikiutazama ubao wa ukutani: hakuna unga ulioanguka.

Mama mkwe amelifungua mwenyewe na kupita bila kutazama chini, na hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri. Kosa moja limebaki, kwamba komeo hulia kwa kelele na humwamsha mtoto anapolala mchana. Tumelifunika kwa kipande cha tyubu kilichobaki kwenye nguzo, na inaelekea kinasaidia. Geti la wifi nimelihamishia kwenye mlango wa jikoni, ambao miimo yake ni ya mbao na sakafu yake iko sawa pande zote mbili, na hapo limekaza barabara.

Bi Mkubwa wa Malindi

Marahaba mwanangu. Na kigoda cha mbuzi kiko wapi?

Mama Sumaiya, Unguja

Kimetundikwa ukutani, Bi Mkubwa, kwenye msumari wa zamani uliokuwapo.